Akeri: Makaburi Yanayotunzwa na Kaburi Linalotafutwa

Msafiri anayetoka Kikatiti kuelekea jijini Arusha hupita Maji ya Chai na Usa River kabla ya kufika Tengeru. Mkono wake wa kulia unasimama Mlima Meru, na kutoka barabara kuu njia nyembamba hupanda katikati ya migomba na mibuni hadi Poli, Akeri na Nkoaranga. Wengi hupita eneo hilo kwa haraka, wakiwahi soko, ofisi au uwanja wa ndege. Ni wachache wanaofahamu kwamba juu kidogo ya barabara hiyo lilitokea, mwezi Oktoba mwaka 1896, tukio lililobadilisha historia ya Wameru na Waarusha kwa kizazi kizima.

Alfajiri ya tarehe 20 Oktoba mwaka huo, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri siku chache tu baada ya kuwasili. Makaburi yao yapo huko huko Akeri, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) linawaenzi kama wafiadini. Kwa waumini wa Dayosisi ya Meru, historia ya kanisa mlimani huanzia kwenye makaburi hayo mawili.

Historia hiyo, hata hivyo, ina upande wa pili ambao haukujengewa mnara. Baada ya vifo vya wamisionari hao, mamia ya Wameru na Waarusha waliuawa katika operesheni ya adhabu iliyoongozwa na jeshi la Wajerumani, na miaka minne baadaye Mangi wa Meru alinyongwa mjini Moshi. Kaburi la Mangi huyo ukoo wake unaendelea kulitafuta hadi leo. Ndiyo maana suala la kuhifadhi mahali pa kumbukumbu kama Akeri haliishii kwenye kupaka rangi ukuta au kung'oa majani kaburini. Linahusu pia swali la nani anakumbukwa mahali hapo.

Wageni wa mwaka 1896

Mwishoni mwa karne ya 19, miteremko ya Meru ilikuwa makazi ya jamii mbili zilizoishi jirani, Wameru upande wa mashariki na Waarusha upande wa magharibi. Wote walikuwa wakulima wa migomba na wafugaji, na wote walikuwa na mfumo wa marika ambapo vijana waliotahiriwa pamoja walilinda nchi na mifugo. Rika lililokuwa na nguvu za ulinzi wakati huo liliitwa Talala. Uamuzi wa amani na vita haukuwa mikononi mwa Mangi peke yake. Wazee wa koo na vijana wa rika walikuwa na sauti zao, na mara nyingine sauti hizo hazikukubaliana.

Upande wa Kilimanjaro mambo yalikuwa yamekwisha kubadilika. Wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walikuwa wamefungua kituo Moshi mwaka 1885, lakini mwaka 1892 walilazimika kuondoka kutokana na mgogoro kati ya Wajerumani na utawala wa Moshi. Nafasi yao ilichukuliwa na Misioni ya Leipzig ya Ujerumani, iliyofungua kituo chake cha kwanza Machame mwaka 1893, kisha Mamba mwaka 1894 na Moshi mwaka 1896. Kutoka vituo hivyo, macho ya wamisionari yalielekea magharibi, kwenye mlima wa pili.

Ovir na Segebrock ndio waliotumwa kufungua njia hiyo. Wote wawili walikuwa vijana wa umri wa miaka ya ishirini, na ingawa walitumwa na misioni ya Kijerumani, hawakuzaliwa Ujerumani. Ovir alitoka katika nchi ambayo leo ni Estonia na Segebrock katika Latvia ya leo, maeneo ambayo wakati huo yalikuwa chini ya Dola ya Urusi. Walifika Meru katikati ya Oktoba 1896 wakiwa na Wachaga waliofuatana nao kama wasaidizi. Mangi Matunda wa Meru aliwapokea na kuwaonesha mahali pa kuweka hema, Akeri.

Kilichowaponza hakikuwa mahubiri, kwa kuwa hawakuwa wamepata hata muda wa kuhubiri. Wakati huo huo Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa kituo cha kijeshi cha Wajerumani Moshi, alikuwa ameingia Meru na askari wake na kupiga kambi si mbali na Akeri. Kwa vijana wa Talala, wageni weupe waliofika siku zile zile kutoka upande ule ule walikuwa kundi moja, na ujio wao ulikuwa na maana moja, kwamba utawala uliokwisha kuwanyang'anya Wachaga uhuru wao sasa umefika Meru. Wapiganaji wa Meru na Arusha waliungana na kushambulia usiku. Kambi ya Johannes, yenye bunduki, ilistahimili shambulio. Hema la wamisionari halikuwa na ulinzi wa namna hiyo. Ovir na Segebrock waliuawa, na pamoja nao waliuawa baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Wachaga hao wanastahili kutajwa mapema katika simulizi hii kwa sababu katika simulizi nyingi huja mwishoni, kama nyongeza, na mara nyingi bila majina.

Adhabu

Jibu la Wajerumani halikuchelewa. Johannes alirudi na askari wake wakisaidiwa na maelfu ya wapiganaji wa Kichaga kutoka tawala zilizokuwa washirika wa Wajerumani. Nyumba zilichomwa, migomba ilikatwa na maelfu ya ng'ombe walichukuliwa. Mamia ya watu waliuawa. Kwa jamii inayoishi kwa ndizi na maziwa, kukatwa kwa migomba na kuporwa kwa mifugo kulikuwa na maana ya njaa, kwa kuwa mgomba mpya hauzai kesho yake.

Wazee wa Meru na Arusha walisimulia kwa miongo mingi jinsi wanawake na watoto walivyochukuliwa na jinsi vijana wa rika zima walivyoangamia. Simulizi hizo zilikusanywa na watafiti wa historia katika karne ya 20, na ni sehemu ya ushahidi unaotumika hadi leo pamoja na barua za wamisionari na taarifa za kijeshi.

Upinzani haukwisha hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani waliendelea kuituhumu Meru, Arusha na baadhi ya tawala za Kilimanjaro kupanga uasi wa pamoja. Tarehe 2 Machi 1900, watu 19 walinyongwa hadharani Moshi. Miongoni mwao walikuwa Mangi Meli wa Moshi, Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Lobulu wa Meru. Kipindi hicho hicho, kati ya mwaka 1899 na 1900, Wajerumani walijenga boma la Arusha kwa kazi ya kulazimishwa ya wenyeji. Jengo hilo lipo mpaka sasa katikati ya jiji, na tangu mwaka 1987 ni Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili. Wanafunzi wanaoingia humo kuangalia mifupa ya wanyama na zana za mawe wanakanyaga sakafu iliyotokana na vita vilivyoanzia Akeri.

Kanisa larudi, Nkoaranga

Misioni ya Leipzig ilirudi Meru mwaka 1902, safari hii ikiongozwa na mmisionari Arno Krause, na kuweka kituo chake Nkoaranga, juu kidogo ya Akeri. Mangi Sambegye ndiye aliyekuwa akitawala. Miaka miwili baadaye, mwaka 1904, kituo kingine kilifunguliwa Ilboru kwa ajili ya Waarusha. Kutoka Nkoaranga zilienea shule na huduma ya afya, na jina la hospitali ya Nkoaranga linafahamika kwa kila mkazi wa Arumeru.

Wapo wanaouliza kwa nini wananchi waliopigwa vibaya namna ile walikubali dini ya waliowapiga. Jibu halina upande mmoja. Vita vilikuwa vimedhoofisha marika na kuondoa viongozi, na shule ilikuwa njia mojawapo ya kuelewa na kukabili utawala mpya. Baadaye, ardhi ya chini ya mlima, kuanzia maeneo ya Leganga na kuzunguka, ilipotolewa kwa walowezi, Wameru walijikuta wamebanwa kati ya mashamba ya wageni na msitu wa mlima. Elimu ya misioni ilitoa makarani na walimu walioweza kuandika madai. Watu waliosoma na waliokuwa ndani ya maisha ya kanisa ndio waliokuwa mstari wa mbele mwaka 1951, wakati Wameru walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alipofikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa mjini New York.

Vita Kuu ya Kwanza ilivuruga kazi ya Misioni ya Leipzig, na wamisionari wake wa Kijerumani waliondolewa. Walimu wenyeji ndio walioshikilia sharika katika kipindi hicho, kisha Walutheri wa Marekani walikuja kusaidia kabla ya Leipzig kurejea katikati ya miaka ya 1920. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri nchini yaliungana kuunda KKKT. Dayosisi ya Meru, yenye makao yake Usa River, iliundwa mwaka 1992. Akeri na Nkoaranga zimo ndani ya dayosisi hiyo, na ndiyo yenye wajibu wa kwanza wa utunzaji wa maeneo hayo.

Sheria inasemaje

Wananchi wengi huamini kwamba jengo lolote la zamani linalindwa na Serikali moja kwa moja. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979 na ambayo sasa ni Sura ya 333 ya Sheria za Tanzania, inahesabu jengo, kaburi au muundo mwingine kuwa mnara wa kale ikiwa ulijengwa kabla ya mwaka 1863. Muundo wa aina hiyo hulindwa kwa nguvu ya sheria yenyewe, bila kuhitaji tangazo. Milango ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki ina kikomo chake chenyewe, nayo hulindwa ikiwa ilichongwa kabla ya mwaka 1940.

Kwa mikoa ya pwani, mwaka 1863 una maana kubwa. Magofu ya Kilwa, misikiti ya Kaole na majengo mengi ya kale ya pwani yamo ndani ya mstari huo. Kwa Mlima Meru hali ni tofauti kabisa. Hakuna kanisa hata moja la mlimani linaloweza kuwa la kabla ya 1863, kwa kuwa misioni ilifika miaka 33 baada ya hapo. Makaburi ya Akeri ni ya mwaka 1896. Kwa hiyo hayo yote yako nje ya ulinzi wa moja kwa moja.

Njia iliyopo ni tangazo. Sheria inampa Waziri mwenye dhamana mamlaka ya kutangaza, kwa amri inayochapishwa katika Gazeti la Serikali, muundo au eneo lolote lenye thamani ya kihistoria kuwa linalohifadhiwa. Likishatangazwa, haliruhusiwi kuharibiwa, kubomolewa au kubadilishwa bila kibali. Sheria pia inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo za kulinda urithi ulio katika maeneo yao. Mwaka 2008 Serikali ilitoa Sera ya Malikale, ambayo pamoja na mambo mengine inasisitiza ushiriki wa jamii na taasisi binafsi, zikiwemo taasisi za dini, katika uhifadhi.

Kwa lugha nyepesi, usharika, ukoo au kijiji chenye mahali pa kihistoria pa baada ya 1863 hakipaswi kusubiri. Hatua ya kwanza ni kumwona afisa utamaduni wa halmashauri, ambaye kwa Wilaya ya Meru anapatikana Usa River, na kupeleka maelezo ya maandishi yanayoonesha mahali palipo, historia yake, hali yake ya sasa, mmiliki wa ardhi na picha. Ombi lisilo na maelezo hayo hukwama mapema, mara nyingi si kwa sababu ya ukiritimba bali kwa sababu hakuna anayeweza kutangaza kitu ambacho mipaka yake haijulikani.

Wasiwasi unaosikika mara nyingi kwa viongozi wa sharika ni kwamba jengo likitambuliwa, kanisa litageuzwa makumbusho na ibada itazuiwa. Wasiwasi huo unaeleweka, lakini mfano mkubwa kuliko wote nchini unaonesha vinginevyo.

Mkunazini

Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja, lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwezi Juni 1873, baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza. Jiwe la msingi liliwekwa Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo huo, na ujenzi ulisimamiwa na Askofu Edward Steere wa misioni ya Kianglikana ya vyuo vikuu, mtu ambaye Waswahili wanamkumbuka pia kwa kazi yake ya sarufi na tafsiri. Kwa mujibu wa mapokeo, altare imewekwa mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Steere alifariki mwaka 1882 na akazikwa nyuma ya altare hiyo. Ndani ya kanisa umo msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, mahali ulipozikwa moyo wa David Livingstone.

Kwa zaidi ya karne moja, kanisa hilo lilikuwa hasa kumbukumbu ya waliopiga vita utumwa. Waliouzwa hapo hawakuwa na alama yao. Hali ilianza kubadilika mwaka 1998, wakati sanamu za watumwa zilizochongwa na msanii Clara Sörnäs wa Sweden ziliposimamishwa shimoni nje ya kanisa, zikiwa zimefungwa minyororo. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kisha ukaja mradi mkubwa wa ukarabati, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kwa ushirikiano na Mfuko wa Dunia wa Minara ya Kihistoria na Dayosisi ya Zanzibar, uliokamilika mwaka 2016. Paa na kuta zilikarabatiwa, na kando ya kanisa kukafunguliwa kituo cha maonesho kinachoeleza historia ya biashara ya watumwa kuanzia bara hadi visiwani.

Ibada haikusimama. Waumini wanaendelea kusali humo na watalii wanaendelea kuingia, kila kundi kwa utaratibu wake. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba ukarabati wa jengo ulikwenda pamoja na upanuzi wa simulizi. Mgeni anayeingia Mkunazini leo hukutana na walioteseka pamoja na waliowatetea.

Jirani wa karibu, Tengeru

Si lazima kwenda hadi Unguja kuona mfano. Tengeru, kilomita chache kutoka Akeri, kuna makaburi ya Wapolandi. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakimbizi wapatao 5,000 kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishiwa Urusi ya mbali kisha wakapitia Iran, walipewa hifadhi katika kambi iliyojengwa hapo. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na wakazi wake wakatawanyika duniani. Waliofariki, karibu watu 150, walibaki katika makaburi yaliyo ndani ya eneo la chuo cha mifugo.

Makaburi hayo yametunzwa kwa miongo mingi kwa msaada wa watu wenyewe na Serikali ya Poland, na familia kutoka nchi nyingi huja kuyatembelea. Yapo majina, ipo orodha, upo uzio, yupo anayefungua geti. Ukitazama kwa jicho la uhifadhi, hayo manne ndiyo yanayotofautisha mahali pa kumbukumbu na shamba lenye mawe.

Saruji na chokaa

Uharibifu mkubwa wa majengo ya kale ya dini mlimani hauletwi na watu wenye nia mbaya. Huletwa na harambee. Usharika unakua, viti havitoshi, michango inapatikana, na kamati ya ujenzi inaamua kubomoa ukuta wa zamani au kuupiga lipu mpya ili ufanane na jengo jipya. Nia ni njema, na hesabu za fedha zinaweza kuwa safi kabisa. Hasara huonekana baadaye.

Majengo ya zama za misioni yalijengwa kwa mawe ya mlimani, matofali ya kuchoma, udongo na chokaa. Kuta hizo hunyonya unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Zinapofunikwa kwa lipu ngumu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea, hupanda ndani ya ukuta, rangi huanza kubanduka na mawe ya chini huanza kumong'onyoka. Fundi akiona hivyo huongeza saruji, na tatizo huongezeka. Ukarabati unaofaa hutumia chokaa, huanza na mifereji ya kuondoa maji ya mvua kwenye msingi, na hukagua mbao za paa dhidi ya mchwa kabla ya kugusa ukuta. Kwenye miteremko ya Meru, ambako mvua ni nyingi na udongo wa volkano hushika maji, mfereji mzuri huokoa zaidi kuliko ndoo ya rangi.

Wataalamu wa malikale hushauri pia kwamba kabla ya kazi yoyote jengo lipigwe picha kila upande, vipimo vichukuliwe, na maandishi yote yaliyo kwenye mawe, kengele na vibao yanakiliwe. Vivyo hivyo kwa makaburi. Jiwe la kaburi lisisuguliwe kwa brashi ya waya wala kupakwa rangi ya mafuta, kwa kuwa herufi zilizochongwa hupotea kwanza. Vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vilivyo katika ofisi za sharika ni sehemu ya urithi huo huo, na mara nyingi vina majina ya wenyeji ambayo hayapatikani mahali pengine popote. Nakala za kielektroniki zinaweza kufanywa kwa gharama ndogo, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina wataalamu wa kutoa ushauri.

Kaburi linalotafutwa

Hapo ndipo simulizi inaporudi kwa Mangi Lobulu. Baada ya watu 19 kunyongwa mwaka 1900, mabaki ya baadhi yao yalichukuliwa na kupelekwa Ujerumani, ambako wakati huo wataalamu walikusanya mafuvu kutoka makoloni kwa madai ya utafiti wa jamii za binadamu. Mafuvu mengi yaliishia katika maghala ya makumbusho, yakiwa na namba badala ya majina.

Septemba 2023, taasisi ya urithi wa utamaduni ya Prussia mjini Berlin, inayosimamia sehemu ya mkusanyo huo, ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vilivyolinganisha mafuvu kadhaa na sampuli za familia za Kilimanjaro vimeonesha uhusiano katika mafuvu matatu. Moja lilikuwa limeandikwa jina Akida, mshauri wa Mangi Meli. Ilikuwa mara ya kwanza kwa familia nchini kupata jibu la namna hiyo. Tarehe 1 Novemba mwaka huo huo, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier aliomba radhi mjini Songea, mbele ya wazao wa mashujaa wa Vita vya Majimaji, kwa yaliyotendwa na Wajerumani.

Ukoo wa Kaaya wa Meru, anakotoka Mangi Lobulu, nao umekuwa ukiyatafuta mabaki ya babu yao. Safari yao, pamoja na ile ya wazao wa Nduna Songea Mbano, ilisimuliwa katika filamu ya maisha halisi ya waongozaji Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner, iliyooneshwa katika tamasha la filamu la Berlin mwaka 2024. Mazungumzo ya kurejesha mabaki na vitu vya kihistoria yanahusu Serikali za nchi mbili, na hatua zake hufuata taratibu za kidiplomasia ambazo familia mara nyingi huziona kuwa ndefu.

Old Moshi, mahali alipotundikwa Mangi Meli, pamewekwa sanamu yake, na kila tarehe 2 Machi watu hukutana kumkumbuka. Meru bado inajadili mahali pake. Mabaki yatakaporudi, yatahitaji ardhi iliyopimwa, ukoo uliokubaliana, mila zilizoheshimiwa na kibali cha mamlaka. Wapo wanaotaka yazikwe kwenye kihamba cha ukoo, na wapo wanaoona kwamba yanapaswa kuwekwa mahali ambapo kila Mmeru na kila Mtanzania anaweza kufika.

Kutoka makaburi ya Akeri hadi maeneo yaliyotawaliwa na Lobulu si mwendo mrefu kwa miguu. Wachaga waliouawa pamoja na Ovir na Segebrock, wanawake waliochukuliwa wakati wa adhabu na vijana wa Talala waliokufa mwaka ule wote walipita njia hizo hizo za mlimani. Wazee wenye kumbukumbu za yale waliyosimuliwa na mababu zao bado wapo Poli, Akeri na Nkoaranga, lakini ni wachache kila mwaka. Kurekodi masimulizi yao hakuhitaji tangazo la Waziri wala bajeti ya ukarabati. Kunahitaji simu yenye kinasa sauti, mtu anayejua Kimeru vizuri, na mahali salama pa kuhifadhi nakala, iwe ofisi ya usharika, maktaba ya chuo kikuu kilichopo Makumira au makumbusho yaliyomo katika boma la Arusha.